Ukuta wa Machungwa

Kamera nyingi zinadanganya. Unabonyeza sasa, zenyewe zinapiga baadaye, halafu zinakuonyesha picha kwenye kioo kana kwamba ndiyo uliyoitaka. Miaka ile ya baada ya Kombe la Dunia, kamera za dijitali zilipoanza kuuzwa Johannesburg kama vitunguu, kila mtu alinunua yake, na walioijutia walikuja kwangu.

Nyuma ya chumba changu pale Jeppestown palikuwa na ukuta wa matofali mekundu, ukuta wa kiwanda kilichokufa zamani. Huo ndio uliokuwa mtihani wangu. Unasimama karibu nao, mkono wa kushoto umeunyanyua juu umeshika chungwa, mkono wa kulia umeshika kamera na kuinyoosha mbali, ili ione vidole, chungwa na matofali ya chini yake. Unaachia chungwa na kubonyeza kitufe kwa pamoja. Kisha unatazama picha. Chungwa likiwa bado linagusa vidole, kamera hiyo inafaa kazi. Likiwa tofali moja au mawili chini, ina usingizi kidogo lakini mnaweza kuishi pamoja. Likiwa usawa wa magoti, irudishe dukani. Na kama kwenye picha kuna mkono na matofali matupu, chungwa limeshaondoka zake, basi umenunua kisanduku cha kutunzia betri.

Mtihani huo niliutunga mwenyewe. Shule nimesoma hadi darasa la tatu, Kigoma, baba akasema inatosha, mtoto wa kike anayeweza kusoma jina lake hatapotea. Nikaenda kufagia studio ya picha. Nilifagia mpaka mwenye studio akazeeka, macho yakamwisha, nikawa mimi ninayepiga na yeye anayepokea sifa. Kamera za filamu hazikuwa na mchezo: ukibonyeza imeshapiga, ukikosea umekosea. Nilifika Afrika Kusini na kamera moja shingoni na nguo nilizovaa. Nimepiga picha za makaratasi ya wakimbizi barabarani, shuka jeupe nimelitundika kwenye uzio. Nikapanga chumba, nikakifanya studio, nikawakalisha humo watu wa kila nchi na kuwaambia wafunge midomo. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mtu asije akadai nilibebwa.

Kasi ya kupiga mfululizo nayo ilikuwa na kipimo chake: Baba Yetu. Ninashikilia kitufe bila kukiachia, mtu anasali kwa mwendo wa kanisani, na tunasikiliza. Kamera ndogo zinapiga moja kwenye "Baba yetu", zinapumua, zinapiga ya pili watu wamefika "ufalme wako". Kubwa zinapiga kama cherehani, tatatata, halafu zinashiba. Ndiyo, kamera inashiba. Inameza picha kwa pupa, kitaa chekundu kinawaka mgongoni, na hapo hata ubonyeze kwa nyundo haikusikii mpaka imalize kutafuna. Yangu ilikuwa kubwa, nimeinunua ikiwa imetumika kwa mzungu aliyekuwa akifunga duka lake Randburg. Ilikuwa inashiba kwenye "mkate wetu". Nilijua. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Pembeni ya ukuta palikuwa na mafundi magari, Wakongo na Warundi, watu wazima wenye familia. Hao hawakuwa na televisheni, walikuwa na mimi. Mtu akija na kamera mkononi wanaweka spana chini na kukaa juu ya matairi.

Alikuja bwana harusi mmoja kutoka mtaa wa Berea, Mrundi, mlinzi wa benki. Kamera yake ilikuwa bado na nailoni ya dukani.

"Bibi, niambie tu kama ni nzuri."

Nikaachia chungwa. Pu! Nikamwonyesha kioo.

"Mbona silioni chungwa?"

"Liko chini. Utamvisha bibi harusi pete, na hii itakuletea picha ya watu wanakula wali."

Mafundi wakapiga makofi kwenye mapaja. Yule kijana aliivaa aibu yake kama koti, akaondoka nayo. Ningemwambia nini? Kwamba ni nzuri? Walionipenda waliniita msema kweli, wasionipenda waliniita kinywa cha siki, na wote walirudi.

Sasa nieleze habari ya kanisa, maana bila kanisa ukuta ule ungebaki mchezo wa mchana.

Kanisa letu lilikuwa upande wa pili wa yadi hiyohiyo, ndani ya karakana ya zamani. Nje yake, chini ya kibanda cha mabati, palikuwa na tangi la chuma lililokatwa katikati na kupachikwa ngazi za mbao. Humo ndimo walimobatiziwa watu, Wakongo na Warundi, wamevaa kanzu nyeupe. Na kila aliyebatizwa alitaka picha moja tu, tuliyoiita picha ya kutoka. Si ya kuingia majini, si ya kukumbatiwa na wazee. Ni pale uso unapopasua maji: mdomo wazi, maji yanamwagika toka kwenye nyusi, macho hayajajua bado yako wapi. Picha hiyo hutumwa nyumbani, kwa mama Uvira, kwa bibi kwenye kambi ya wakimbizi. Mama wa huko haridhiki na picha ya mtu mkavu aliyeshika cheti. Anataka kuyaona maji. Na uso hutoka majini mara moja. Ukichelewa, unapata mtu anajifuta kamasi kwa taulo.

Akina mama wa kanisa walikuwa wameweka sheria: wanawake wanaobatizwa wapigwe picha na mwanamke. Kanzu nyeupe ikilowa haifichi kitu, na wapiga picha wa kiume walikuwa wameanza kuonekana wanapenda sana kazi ya Mungu. Mwanamke mwenye kamera nilikuwa mimi. Kwa hiyo ubatizo ulikuwa wangu, na uliniletea harusi, na harusi zililipa chumba. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimejipanga.

Ndipo akaja huyu.

Alikuwa mjane kutoka Bukavu, msusi, anaishi Berea kwenye sebule ya watu iliyogawanywa kwa mapazia. Dawa za kunyoosha nywele zilikuwa zimemla vidole. Ngozi ilipasuka, ikachubuka, ikawa ya rangi mbili, mpaka mwenye saluni akamwambia wateja wanaogopa mikono yake, asirudi. Alisimama mlangoni kwangu na kikamera kidogo cha kijivu, amekishika kwa mikono hiyohiyo miwili kama mtu aliyebeba yai.

"Jambo, mama mkubwa. Niko nakuomba unipimie hii."

"Umeitoa wapi?"

"Ilikuwa ya bwana yangu. Alikufa, ikabakia."

"Unataka kuifanyia nini?"

Hakuzunguka. "Nataka kupiga batizo. Kwa saluni siwezi kurudi tena. Niko na watoto wawili, baba yao hayuko. Wanawake wa kushika kamera kwa kanisa tutakuwa wawili, tunaweza kusaidiana."

"Tunaweza? Mimi naweza. Wewe tutaona."

Nilimpeleka ukutani. Nilimpa chungwa langu mwenyewe, nikamwonyesha namna ya kusimama. Akaachia, akabonyeza. Pu! Tukatazama. Mkono wake uko pale, umekaa wazi wazi na vidonda vyake, na chini yake matofali, matofali, matofali.

Nikawaita mafundi. "Njooni mwone! Huyu dada anapiga picha za matofali!"

Fundi mkubwa wao, Mkongo mwenzake, akaja na grisi mpaka viwikoni, akainama juu ya kioo. "Aa, mama, ni mazuri. Hili hapa la tatu limecheka." Wakaangua kicheko. Yeye huyohuyo ndiye aliyempa jina: Mama Matofali. Kufika jioni jina lilikuwa limeshavuka barabara.

Mjane akangoja wamalize. "Mama mkubwa, basi niache nikubebee hata taulo." Siku za ubatizo nilikuwa naweka taulo begani, la kufutia lenzi, maana watu wakitoka majini wanarusha maji kama bata.

"Taulo langu halijachoka kukaa begani mwangu," nikamwambia. "Nenda."

Akaenda. Lakini hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa mwenyekiti wa akina mama, Mrundi mwenye meza ya vitenge, mwanamke ambaye akiingia kanisani hata kwaya inakaa sawa. Sijui alimlilia vipi. Ninachojua, Jumapili mwenyekiti alinijia baada ya ibada na kuniambia kwamba ubatizo wa kabla ya Krismasi utakuwa na watu wengi, kwamba kanisa si mali ya mtu, na kwamba Jumamosi tutapimwa wote wawili kwenye ukuta wangu, mbele ya akina mama. Atakayeshinda atapiga.

"Kwenye ukuta wangu?" nikasema. "Karibuni. Njooni na viti."

Wakaja na viti kweli, na vitambaa vya kichwa. Mafundi wakafunga kazi.

Nilianza mimi. Kamera kubwa mkononi, chungwa juu, nikaachia. Chungwa kwenye picha lilikuwa linagusa kucha. Kioo kikazungushwa kama sahani ya sadaka, akina mama wakaguna kwa kuridhika. Akaja yeye na kikamera chake. Matofali. Akarudia. Matofali. Mtu akasema nyuma, "Huyu angepewa kazi ya kujenga," na hata mwenyekiti akaziba mdomo.

Tukaenda kwenye Baba Yetu. Mwenyekiti mwenyewe akasali. Kikamera cha mjane kilipiga, kikalala, kikapiga, kikalala, kama mzee anayepanda ngazi. Yangu ilirarua hewa. Alipofika "mkate wetu" nikakiachia kitufe, nikashusha kamera taratibu kama mtu aliyeshiba sifa, na makofi yakaifunika sala iliyobaki. Nilikuwa nimeshinda. Ningekaa kimya, mambo yangeishia hapo.

Lakini mwenyekiti akasema, "Si vibaya kusema ukweli, mama. Kamera yako ni kubwa, yake ni ndogo. Ingekuwa kinyume, labda tungeona mengine."

Hilo lilinichoma. Miaka yote ya kufagia na kuinamia watu, leo niambiwe ni kamera? "Lete hicho kikamera," nikamwambia mjane. "Na wewe shika hii."

Nikachukua kikamera cha marehemu bwana yake, nikanyanyua chungwa, nikaachia. Nikawapa wakitazame kwanza wao. Chungwa lilikuwa chini ya vidole vyangu, hata tofali moja halijapita. Kisha nikampa yeye nafasi na kamera yangu kubwa. Alikuwa hajawahi kushika kitu kizito vile. Akaachia, akabonyeza. Chungwa lilikuwa magotini.

"Mmeona?" nikasema. "Kamera haina kosa. Kosa limesimama hapo, limevaa kitenge."

Walicheka, na wale ambao hawakucheka waliangalia chini. Naye hakulia. Nilitaka alie, nasema kweli, nilikuwa nimeshajiandaa kumwona analia. Alikuwa anakitazama kidole changu cha shahada.

"Mama mkubwa, ulifanya nini na kidole?"

"Nilibonyeza."

"Hapana. Kilishuka kidogo, kikangoja, halafu kikashuka tena."

Alikuwa ameona. Watu wote wale wamekaa kwenye viti, yeye tu ndiye aliyeona. Kitufe cha kamera kina hatua mbili. Ukikigandamiza nusu, kamera inatafuta umbali, inaukamata, inakaa tayari, pumzi imeibana. Ukimalizia ile nusu nyingine, imepiga. Mtu anayekikandamiza chote kwa mkupuo anaiamsha kamera usingizini na kuidai picha hapohapo, ndiyo maana inachelewa. Mimi niligundua hilo kwa kuharibu picha za watu na kutukanwa. Kwa nini yeye alipate bure?

"Nenda ukatafute," nikamwambia. "Mimi nilitafuta peke yangu."

Akatafuta. Kesho yake alfajiri niliamshwa na pu! nyuma ya chumba. Nikafungua dirisha. Mama Matofali yuko kwenye ukuta wangu, mkono juu. Pu! Anainama, anaokota, anatazama kioo, ananyanyua tena. Machungwa yalipompasukia akaja na viazi. Viazi vilipopasuka akaja na soksi aliyoijaza mchanga. Alikuwa anatembea kutoka Berea kabla watoto hawajaamka, anarudi kuwapeleka shule.

"Wewe!" nikamwitia dirishani. "Ukuta umekukosea nini?"

"Niko nausalimia tu, mama mkubwa."

"Usalimie kwa mdomo, watu wamelala!"

Pu!

Ningeweza kumfukuza. Yadi haikuwa yangu, lakini kinywa changu kilikuwa kinatosha kumfukuza mtu popote. Nilimwacha kwa sababu alinichekesha. Asubuhi nikinywa chai nilikuwa nawahadithia mafundi leo kaangusha nini. Sikuona hatari yoyote kwa mwanamke anayeangusha soksi.

Siku moja hakuondoka. Alinigongea, akanionyesha kioo. Soksi ilikuwa imegusana na vidole vyake. Picha iliyofuata, hivyohivyo. Iliyofuata, hivyohivyo. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja aambiwe kitu.

"Soksi haina pua," nikamwambia. "Mtu akitoka majini anakohoa, anageuka, mkono wa mchungaji unamziba. Usipousoma mwili wake tangu akiwa chini, hata kidole cha malaika hakitakusaidia. Nenda kaoshe soksi yako."

Akasema asante. Nikafunga mlango.

Ukafika ubatizo. Joto lilikuwa la kuunguza tangu asubuhi, na ilipofika saa nane mbingu upande wa kusini ikawa ya zambarau. Anayeijua Johannesburg anajua maana yake: mvua ya mawe inakuja, na ikija haibishi hodi. Mchungaji akaamuru tuharakishe. Siku nyingine kati ya mtu na mtu kulikuwa na wimbo mzima. Siku hiyo wimbo ulikuwa ubeti mmoja, halafu nusu, halafu haukuwapo. Mmoja anatoka, mwingine ameshakanyaga ngazi.

Mimi nilisimama ukingoni mwa tangi, taulo begani. Na kwa kuwa akina mama wote walikuwa wakitazama, na yule mjane alikuwa katikati yao na kikamera chake kifuani, niliamua kuwaonyesha cherehani. Kila mtu aliyezama nilimshikilia kitufe tangu anashuka mpaka anafutwa uso. Tatatata. Watoto waliziba masikio kwa furaha. Kitaa chekundu kilikuwa kinawaka kila mara nikishusha kamera, na nilikuwa nakiona. Nikajiambia kamera itatafuna haraka.

Akaingia binti wa mwenyekiti.

Huyu alikuwa amezaliwa hapahapa Johannesburg. Kiswahili alikisikia lakini alijibu kwa Kiingereza, na kubatizwa alikuwa amekataa miaka na miaka. Bibi yake, mama wa mwenyekiti, alikuwa amebaki kambini, mgonjwa, na ujumbe wake ulikuwa ni uleule kila akipiga simu: nitumieni picha ya mtoto akitoka majini, nipumzike. Kila mwanamke pale aliijua habari hiyo. Mwenyekiti alikuwa amevaa kitenge kipya, machozi yameshaanza.

Binti akashuka. Mchungaji akasema maneno. Maji yakamfunika. Nikaona bega linapanda, nikajua ndiyo sasa, nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kitaa chekundu. Kamera imejaa mpaka kooni. Uso wa binti ukapasua maji mbele yangu, karibu kabisa, mzuri kuliko nyuso zote nilizopiga mwaka ule, mdomo wazi, macho wazi, na mimi nimeshika jiwe. Kufumba na kufumbua alishafunikwa taulo.

"Mrudishe!" nikasema.

Mchungaji akageuka, maji kiunoni. "Nimrudishe wapi, mama?"

"Majini. Haijapiga."

Punje za kwanza za mawe zikaanza kugonga bati, moja, moja. Mzee mmoja wa kanisa akashika kichwa.

"Mama," mchungaji akasema, "Bwana Yesu alibatizwa mara moja, na hapakuwa na kamera."

"Ni sekunde tu. Mzamishe kidogo, sitaki maneno, maneno umeshayasema."

"Eish, no!" binti akapiga kelele kutoka ndani ya taulo, na siku hiyo Kiswahili kikamtoka. "Sirudi! Kuna baridi humo!"

Hapo watu wakacheka, na kicheko hicho nilikijua, kilikuwa changu, nilikuwa nimekilea mwenyewe pale ukutani. Mwenyekiti hakucheka. Alinijia karibu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mama yangu nimwambie nini? Nimwambie nini, wewe?"

"Kamera imeshiba," nikasema.

"Imeshiba nini? Imekula nini?"

Nikaigeuza kamera, nikamwonyesha kitaa chekundu.

"Iko hapa," sauti ikasema.

Mjane alikuwa amenyoosha kikamera. Alikuwa amebonyeza mara moja tu. Mara moja. Kingine kisingewezekana, kikamera kile hakikuwa na ya pili ndani ya muda ule. Mwenyekiti akakichukua, akakitazama, akaketi chini kwenye saruji yenye maji na kitenge chake kipya. Wanawake wakamzunguka. Nikajipenyeza. Nilikuwa lazima nione.

Ilikuwa ni picha ya kutoka. Maji yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye nyusi kama pazia la shanga, mdomo ulikuwa unavuta hewa, na macho, macho yalikuwa bado hayajajua yako wapi.

"Kichwa umekikata," nikasema. Na kweli alikuwa amekikata, juu kidogo, nywele hazimo.

Mwenyekiti hakuinua macho. "Mama yangu hatafuti nywele," akasema. "Anatafuta uso. Wamebaki wanawake wangapi? Wote apige huyu."

Mjane akasogea ukingoni mwa tangi, mahali pangu. Lenzi yake ilikuwa na matone. Akanigeukia mbele ya kanisa lote.

"Mama mkubwa, taulo."

Hakungoja nimpe. Alilivuta kutoka begani mwangu kwa vidole vyake vile vilivyochubuka, akafuta lenzi, akalitupia begani kwake. Akainama, akangoja aliyefuata. Mawe yakamwagika juu ya bati hata hatukusikiana tena, na chini ya kelele ile niliona kidole chake kikishuka kidogo, kikingoja, kikishuka tena.

Mimi nikapewa jina langu. Mama Mrudishe. Yule fundi aliyempa mwenzangu jina ndiye aliyenipa na mimi, hana upendeleo. Gari likiingia kinyumenyume gerejini, mafundi wote wanasimama, wanatazama dirisha langu, na kumwitia dereva, "Mrudishe! Mrudishe, mama! Haijapiga!" Hata Wazulu wa hosteli ya vibarua ya jirani waliokuja kutengeneza magari yao walijifunza neno hilo. Ubatizo ukaenda kwake, na harusi za kanisa zikaufuata ubatizo. Mimi nikabaki na picha za makaratasi na ukuta.

Nilinunua chokaa niupake ukuta ule, matofali yasihesabike tena, mtu mwingine asije kujifunza juu yangu. Chokaa ilikaa mlangoni mpaka ikaganda. Si kwa huruma. Ukuta ulikuwa macho yangu, na siwezi kujitia upofu kwa ajili ya mwanamke wa Bukavu.

Mwaka uliofuata, miti ya barabarani imeanza kutoa majani, alikuja. Alikuwa amenenepa kidogo, na mikono ilikuwa imepona, imebaki na mabaka tu. Shingoni ana kamera kubwa, mpya kabisa, kubwa kuliko yangu.

"Jambo, mama mkubwa. Niko nakuomba unipimie hii."

"Huko mjini hakuna watu wa kukupimia?"

"Wako. Wote wanasema ni nzuri. Wanauza."

Mafundi walikuwa wameshakaa juu ya matairi. Nilimnyang'anya kamera, nikachukua chungwa langu la mwisho, nikasimama ukutani. Sikugandamiza nusu. Nilikandamiza kitufe chote kwa mkupuo, kama mjinga, kama yeye siku ile, ili niione kamera uchi. Nikaachia. Chungwa likapasuka kwenye saruji. Nikatazama kioo.

Ilikuwa rahisi kusema lolote. Angeliamini, angeirudisha dukani, angeingia msimu wa ubatizo na kile kikamera cha marehemu kilichokuwa kimeanza kukataa kuwaka. Mafundi walikuwa wananingoja. Lakini mimi sikujenga jina langu kwa kudanganya juu ya kamera, na sitalibomoa kwa ajili ya mtu aliyenivua taulo.

"Tofali moja," nikasema. "Bila kuiandaa. Ukiiandaa haitachelewa hata kidogo."

"Na kushiba?"

"Sali."

Akasali Baba Yetu, kwa Kiswahili cha kwao, mimi nimeshikilia kitufe. Ikapita "mkate wetu". Ikapita "makosa yetu". Ilifika "Amina" bado inashona.

"Ni nzuri," nikasema. "Chungwa langu limepasuka. Niletee jingine."

Hakuleta moja. Alirudi siku ya tatu na mfuko mzima wa wavu, akauweka mlangoni juu ya ile chokaa iliyoganda, akaondoka bila kubisha. Yalikuwa ya mwisho wa msimu, ganda gumu, ndani makavu kama pamba, hata kukamua hayakamuliki; hayafai kuliwa, ila ukiyaangusha hayapasuki. Sijui kama aliyachagua kwa makusudi. Ningekuwa mimi, ningeyachagua kwa makusudi.